Mwalimu, mjusi wa Tendaguru naye alipanda safina?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa mkoani Lindi. Nafundisha baiolojia, na kwa miaka sita nimefundisha pia shule ya Jumapili katika usharika wetu, kundi la watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Nina miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili. Kwetu ni Njombe. Baba yangu ni mwinjilisti mstaafu, na ndiye aliyenifundisha kipaimara. Alikuwa mkali kwangu kuliko kwa wenzangu wote ili watu wasiseme anampendelea binti yake.

Jumapili moja mwezi wa pili somo lilikuwa safina ya Nuhu. Niliwachorea watoto picha ya kupaka rangi: safina, mvua, na twiga ametoa shingo dirishani. Wote wakainama wanapaka, isipokuwa kijana mmoja wa miaka tisa, mtoto wa kunyamaza sana. Ameshika penseli ya kijani, anamtazama yule twiga tu. Mwisho akanyoosha mkono. "Mwalimu, mjusi wa Tendaguru naye alipanda? Maana shingo yake inamzidi twiga."

Kwa kuwa wewe si wa huku, nikueleze. Lindi hakuna mtoto asiyemjua mjusi huyo, ambaye ni dinosaria. Wajerumani walichimba mifupa kilimani Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, babu za watoto hawa wakaibeba vichwani na mabegani siku kadhaa hadi bandarini hapa Lindi, ikasafirishwa Berlin. Huko ndiko alikosimamishwa mpaka leo, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Bungeni wameshauliza mara nyingi lini atarudishwa.

Nikamjibu kama ninavyowajibu kidato cha nne. Nikamwambia hapana, mjusi yule aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita, kabla hajawapo mtu yeyote duniani, hata huyo Nuhu. Akafikiri. "Kwa hiyo Biblia ilimsahau?" Nikasema, "Biblia si kitabu cha baiolojia." Kengele ikagongwa, wakakunja picha zao wakatoka.

Jumatano nikaitwa kwenye kikao. Baba wa mtoto ni mzee wa kanisa. Maneno yangu yalikuwa yamepita midomo mitatu minne, na yalipofika mezani nilikuwa nimefundisha kwamba Biblia ni kitabu cha uongo. Nilijaribu kueleza, nikaona nazidi kujichimbia. Mwenyekiti akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, upumzike kwanza." Shangazi, unajua mtu akipumzishwa kanisani maana yake nini.

Habari zikafika Njombe kabla sijamaliza kuosha vyombo vya jioni. Baba hakufoka, na laiti angefoka. Alisema, "Niliuza mbao ukasoma. Sasa hiyo elimu ndiyo imekuwa mungu wako. Methali tatu, mstari wa tano." Akakata simu. Mstari naujua tangu utotoni: "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Tangu siku hiyo hajapiga. Mume wangu ananiambia niachane nao, kanisa si la wazee peke yao. Rahisi kusema.

Lakini kinachoninyima usingizi si kikao. Ni kwamba kwa miaka yote hii nilikuwa na vichwa viwili bila kujijua. Jumatatu naingia darasani na kichwa kimoja, nawadai wanafunzi ushahidi. Jumapili nakivua, navaa kingine. Swali la mtoto yule limevigonganisha. Sasa nikipiga magoti naisikia sauti yangu mwenyewe ya darasani inauliza: ushahidi uko wapi? Na najiuliza, ikiwa akili imeruhusiwa kuisahihisha Mwanzo sura ya kwanza, nani ataizuia isiende mpaka kwenye kaburi la Yesu? Nikiishika akili naogopa nitaishia kupoteza vyote. Nikiishika imani naona namdanganya mtoto wa watu. Majuma matatu sasa sijaenda Meza ya Bwana.

Shangazi, lazima nichague?

Mwalimu, Lindi

*

Marahaba, mwanangu.

Kwenye twiga nilicheka peke yangu sebuleni. Nilipofika kwa baba yako aliyekata simu, nikaiweka barua chini nikaenda kuchemsha chai.

Nikuungamie jambo kwanza. Kabla ya kuanza kujibu barua za watu nilifundisha Maarifa ya Biblia kwa miaka mingi, shule ya bweni. Mwaka wangu wa pili kazini kijana wa kidato cha pili aliniuliza Kaini alimpata wapi mke, ikiwa duniani walikuwa wanne tu na mmoja keshauawa. Darasa likaangua kicheko. Mimi nilisikia kicheko tu, swali sikulisikia. Nikampeleka kufyeka nyasi nyuma ya bwalo. Alifyeka mpaka jioni, akarudi ameshika panga, akaniuliza tena, safari hii kwa adabu. Sikuwa na jibu, na nadhani alijua kwamba ndiyo sababu ya zile nyasi. Kwa hiyo ninapokuambia kwamba wazee wako wamekosea, sikuambii kama mtu aliyesimama juu yao.

Na wewe umekosea pia. Nianze hapo kwa sababu ni pafupi. Kwamba mjusi ni wa miaka milioni 150 ulisema kweli, na mbele ya mtoto huna haki ya kusema vinginevyo. Ila "Biblia si kitabu cha baiolojia" ni sentensi ya mtu mzima. Wewe kwako ina mlango wa kutokea: unajua basi ni kitabu cha nini. Mtoto wa miaka tisa hana mlango huo. Alikuuliza kama Mungu alimsahau mnyama, na wewe ukamjibu kuhusu mtaala. Kisha kengele ikagongwa, akaenda nyumbani na nusu ya jibu, baba yake akajaza nusu iliyobaki.

Sasa Methali. Baba yako amekupiga kwa mstari, na mstari wenyewe ni mzuri, lakini soma kitenzi chake. Ni kutegemea. Mzee anayetegemea mkongojo ameulalia kwa uzito wake wote. Mkongojo ukivunjika na yeye yuko chini. Mstari unakukataza kuulalia ufahamu wako namna hiyo. Kuutumia haukukatazi. Ukitaka kujua Sulemani anaogopa nini, shuka mistari miwili tu, mstari wa saba: "Usiwe mwenye hekima machoni pako." Ni majivuno. Kitabu hichohicho, sura moja nyuma, kinakuagiza uutafute ufahamu kama fedha, kama hazina iliyositirika. Mtu hakuagizi uchimbe hazina halafu akuambie ni dhambi kuwa nayo.

Lakini simu ya baba yako haitapona kwa mimi kukuchambulia kitenzi. Kuna kitu chenye nguvu zaidi, na kiko kwenye rafu yake mwenyewe, huenda jalada limeshang'oka. Namaanisha Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani cha Martin Luther, mwasisi wa Ulutheri, ile aliyokukaririsha wewe na wenzako kabla ya kipaimara. Kifungue kitabu, usitegemee kumbukumbu. Nenda kwenye maelezo ya Imani, kifungu cha kwanza, cha uumbaji. Utakuta Luther anaorodhesha alivyopewa na Mungu: mwili na roho, macho, masikio, viungo vyote, kisha akili na fahamu zote, ndipo nguo, viatu, chakula, nyumba. Akili imo kwenye orodha moja na viatu na chakula. Ni posho ya kila siku kutoka kwa Baba, na anasema Mungu bado anaitunza. Sasa funua ukurasa, kifungu cha tatu, cha Roho Mtakatifu. Hapo Luther huyohuyo, kitabu hichohicho, anakiri kwamba kwa akili yake mwenyewe wala kwa nguvu zake hawezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia. Ni Roho aliyemwita kwa Injili.

Soma vifungu vyote viwili kwa mpigo, kwa sauti. Baba yako amesimama kwenye kifungu cha tatu anakuita. Wewe umesimama kwenye cha kwanza unamwita. Mmoja anasema akili haitoshi, mwingine anasema akili ni zawadi, na kila mmoja anadhani mwenzake ametoka nje ya kitabu. Ukristo wa usharika wenu umesema yote mawili tangu mwanzo, tena kwa watoto wa kipaimara, wala haukuona haya.

Atakujibu, maana ni mwinjilisti wa siku nyingi, kwamba Luther aliiita akili kahaba wa shetani. Ni kweli aliiita hivyo, na si mara moja. Alisema hivyo hata Januari 1546, akihubiri Wittenberg, mwezi mmoja kabla ya kufa. Alikuwa mtu wa matusi, tusimfichie. Lakini mwaka 1521 pale Worms, mbele ya Kaisari Karolo wa Tano, alipotakiwa akane vitabu vyake, alisema hatakana mpaka ashindwe kwa Maandiko au kwa hoja zilizo wazi. Siku ambayo shingo yake ilikuwa hatarini, hoja iliyo wazi aliiweka pembeni ya Maandiko. Alichokitukana ni akili inayotaka kukaa kiti cha hakimu na kumwita Mungu mbele yake ajieleze. Wewe hukufanya hivyo. Ulihesabu umri wa mfupa.

Nami nikuongezee mzee mwingine, huyu ni wa bara letu. Augustino, aliyezaliwa Thagaste, ambako leo ni Algeria, akawa askofu wa Hippo. Kuanzia mwaka 401 hivi aliandika kitabu kizima akijaribu kuielewa Mwanzo, na mle ndani ana onyo ambalo ningependa lisomwe kwenye kile kikao chenu. Anasema hivi kwa maana yake: mtu asiyeamini naye anajua mambo ya dunia, mwendo wa nyota, tabia za wanyama, mimea na mawe, na anayajua kwa hoja na kwa kuona. Ni aibu kubwa, anasema, mtu huyo amsikie Mkristo akibwabwaja upuuzi juu ya mambo hayo huku akidai ndivyo Biblia inavyofundisha. Kisha anauliza swali linalonishika koo kila nikilisoma: wakitukuta tumekosea kwenye jambo wanalolijua vizuri, watatuaminije tunapowaambia habari za ufufuo wa wafu?

Karne ya tano hiyo. Hata neno dinosaria halikuwapo. Lilibuniwa na Mwingereza mwaka 1842. Augustino hakusukumwa na mifupa ya mtu, hakuwa anawakimbia wanasayansi. Alikuwa anasoma tu kwa makini. Na kabla yake, katika karne ya tatu, Origene wa Aleksandria, msomi wa Biblia, alishauliza ni nani mwenye akili zake atakayedhani kwamba siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi za kawaida, wakati jua halikuwapo mpaka siku ya nne. Hebu rudi Mwanzo 1 uone kama hasemi kweli. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Wakristo waliisoma sura hiyo kwa namna moja tu hadi walimu wa baiolojia walipokuja kuwavuruga, mwambie akasome wazee wake. Na ukiwa darasani unafundisha njegere za Mendel, mwasisi wa elimu ya urithi, wakumbushe kidato cha nne kwamba alikuwa mtawa, na bustani yake ilikuwa ndani ya monasteri ya shirika linalofuata kanuni ya Augustino huyohuyo.

Hapo ndipo nakataa neno lako moja. Umesema akili iliisahihisha Mwanzo. Hapana. Ilimsahihisha msomaji. Hayo ni mambo mawili, na hofu yako yote imejengwa kwenye kuyachanganya.

Tuje kaburini basi, maana ndiko unakokwenda.

Ufufuo haukusimuliwa kama vile sura za mwanzo wa dunia, ambazo hakuna mwandishi anayedai alikuwapo. Paulo anawaandikia Wakorintho, sura ya 15, kama shahidi aliyesimama barazani. Anataja watu: Kefa, kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, "katika hao wengi wanaishi hata sasa." Kwa nini aseme wengi wangali hai? Kwa sababu wanaweza kuulizwa. Luka naye anafungua Injili yake kwa kusema amejitafutia usahihi wa mambo hayo yote tangu mwanzo. Na Paulo anamaliza kwa kujifungia njia ya kutorokea: "kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure." Hakusema hata kama halikutokea, somo lake ni zuri. Ameliweka jambo mahali ambapo mtu anaweza kulichunguza. Sauti yako ya darasani, ile inayouliza ushahidi uko wapi, Paulo angeikaribisha kitini.

Lakini sitakudanganya kwamba ukichunguza sana utafika mwisho, ukafunga daftari na kuandika chini: imethibitika. Haitathibitika namna hiyo. Maabara hupima kinachoweza kurudiwa, na jambo hili halirudiwi. Akili inaweza kukagua mashahidi, kuona kama walikuwa na faida ya kusema uongo, kulinganisha maelezo yao. Inaweza kukufikisha mlangoni. Toma wa Akwino, msomi wa karne ya 13 ambaye hakuna mtu atakayemshtaki kwa kuichukia akili, aliliweka wazi: kwamba Mungu yuko, mtu anaweza kupafikia kwa kutafakari viumbe, kama Paulo asemavyo Warumi 1:20, lakini kwamba Mungu ni Baba, Mwana na Roho, hapo hakuna kichwa kitakachofika chenyewe, lazima aambiwe.

Lugha yetu imelisema vizuri. Ufunuo ni kufunua, kama chakula kilichofunikwa kwa kawa. Mgeni hafunui kawa nyumbani kwa watu. Mwenyeji ndiye hufunua, kwa wakati autakao. Ukikaa hapo ukakisia kwa harufu, utakisia mengi na mengine utapatia, lakini kilichomo hutakijua mpaka afunue. Akishafunua, unatazama kwa macho yako mwenyewe. Hakuna mwenyeji anayefunua chakula kisha akamwambia mgeni afumbe macho ale.

Na hilo neno imani, unajua ni ndugu wa amana? Yote yametoka Kiarabu, shina moja. Mtu akisafiri huacha amana kwa jirani. Hamwachii yeyote apitaye njiani, humwachia yule aliyemwona kwa miaka, akamjua. Bado siku anapomkabidhi hana hati ya mahakama kwamba jirani hatakula fedha yake. Amechunguza vya kutosha, kisha akaachia mkono. Kuachia mkono huko hakufanywi na uchunguzi. Hapa baba yako yuko sahihi, mpe haki yake. Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, mtaalamu wa hesabu hasa, alipata usiku mmoja wa namna hiyo, tarehe 23 Novemba 1654. Aliandika kwenye karatasi: Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, si wa wanafalsafa na wasomi. Akaishona ndani ya koti lake, ikakutwa humo alipokufa. Wala hakuacha hesabu: miaka minne baadaye alikuwa anawashindanisha wanahesabu wa Ulaya kwa maswali aliyoyatunga mwenyewe.

Kwa hiyo hapana, mwanangu, huna lazima ya kuchagua, na hivyo vichwa viwili si vya kuchagua kimoja ukitupe kingine. Kilikuwa kimoja tangu zamani, wewe ndiye uliyekizoesha kufika sehemu mbili kwa zamu. Hata amri kuu inataka umpende Bwana kwa moyo wako wote, kwa roho yako yote, na kwa akili zako zote. Ile sauti ikija ukiwa umepiga magoti, usiifukuze. Ipeleke kwenye maombi ilivyo. Ayubu alibishana na Mungu sura kwa sura, rafiki zake wakamwonya anyamaze, anamkufuru Mwenyezi. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wale marafiki, kwamba hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu.

Kuhusu wazee sina mengi. Hofu yao si ya mjusi. Wameona vijana wanakwenda chuo na hawarudi ibadani, wakatafuta pa kulaumu. Ila wewe ukikaa nao, uwaulize kwa heshima: mtoto akizoeshwa kwamba kuuliza ni dhambi, akiwa mkubwa atamzuiaje mtu atakayekuja na ufunuo wake mwenyewe mfukoni? Msituni Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, mwaka 2023 na kuendelea, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama. Mimi nawaza tu juu ya mtu mmoja katika wale ambaye angekuwa amefundishwa tangu shule ya Jumapili kwamba 1 Yohana 4:1 inamwamuru azijaribu roho, asiamini kila moja.

Sasa ya kufanya. Jumapili hii nenda Meza ya Bwana. Kikao kilikupumzisha kufundisha, hakikukutenga, hiyo adhabu nyingine umejipa mwenyewe. Kwa mwenyekiti andika barua fupi, ukurasa mmoja. Omba radhi kwa namna ulivyomjibu mtoto, sema bayana hukusema Biblia ni uongo, na usiombe radhi kwa umri wa mfupa. Usipeleke vitabu vya baiolojia kikaoni, hakuna kikao kilichowahi kushawishika kwa kitabu ambacho wajumbe hawajakisoma.

Baba yako usimpigie simu. Likizo ya Juni panda basi, pitia Masasi, Tunduru na Songea, ufike Njombe ukiwa umechoka na vumbi, maana baba hawezi kumkatia simu binti aliyekaa jikoni kwake anaota moto. Usianze na hoja. Siku ya pili au ya tatu, mkiwa mmeshakula, mwombe Katekisimo yake ya zamani. Mwambie, "Baba, nimesahau kifungu cha kwanza, nisomee." Mwalimu wa kipaimara hawezi kukataa hilo. Akifika penye akili na fahamu zote, nyamaza. Usimtazame kwa ushindi. Kisha mwambie asome cha tatu, na hapo wewe ndiye useme amina kwanza, tena kwa sauti.

Na yule kijana wa penseli ya kijani bado anadai jibu. Hata kama kundi hulifundishi, utamwona nje ya kanisa. Mwambie Biblia haikumsahau mjusi, ila yeye na Nuhu hawakuwahi kukutana, na hadithi ya safina inaeleza jambo jingine, ambalo yeye alifikirie kwanza kisha akuambie anaona ni lipi. Mwambie pia kwamba wataalamu baadaye walimpa mjusi yule jina la Giraffatitan, yaani twiga jitu. Shingo aliiona sawasawa.

Niandikie ukitoka Njombe.

Shangazi